Fundi wa Ndege Aliyepunguzwa Kazi Aitwe Kwanza

Kabla ndege ya kwanza ya kwenda Kisumu haijaondoka Nairobi alfajiri, kuna watu waliokesha nayo. Wamefungua vifuniko vya injini, wamepima breki, wamebadilisha tairi lililochakaa, na mwishowe mmoja wao, mwenye leseni, ametia saini kwenye daftari la ndege kuthibitisha kwamba kazi imefanywa ipasavyo. Pasipo saini hiyo, ndege iliyofanyiwa matengenezo hairuki. Abiria anayeteremka Kisumu na kutafuta gari la kumfikisha Mamboleo halijui jina la mtu huyo, wala hana haja ya kulijua. Anachohitaji ni kwamba mtu huyo awe na ujuzi, awe na utulivu wa moyo, na awe ameizoea ndege aliyoitilia saini.

Je, siku fundi huyo anapopunguzwa kazi, na baadaye kampuni ikaanza kuajiri tena, ana haki gani? Sheria ya Kenya ina la kusema kuhusu nani atoke kwanza. Kuhusu nani arudi kwanza, haisemi chochote. Pengo hilo linaumiza wafanyakazi wa kila aina, lakini kwa fundi wa ndege linaumiza zaidi, na linauma kupita kiasi pale kampuni mbili zinapounganishwa kuwa moja.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi ya mwezi mmoja au zaidi kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, akieleza sababu na kiwango cha upunguzaji huo. Anapochagua wa kuondoka, anatakiwa azingatie muda ambao kila mmoja ametumikia, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wake, ndani ya kundi lake la kazi. Anayeondoka hulipwa likizo alizokuwa akidai na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Kwa hesabu hiyo, fundi aliyetumikia miaka 20 anakwenda nyumbani na mishahara ya takriban miezi kumi. Hapo sheria inafunga ukurasa. Mwajiri akiajiri miezi mitatu baadaye, na akamchukua kijana ambaye hajawahi kushika spana kwenye injini ya ndege, hajavunja kifungu chochote.

Wanaosema jambo hili ni la nadharia tu wakumbuke 2012. Mwaka huo Kenya Airways ilitangaza kupunguza karibu wafanyakazi 600. Wengine walikubali kuondoka kwa hiari, na waliobaki wakapewa barua. Chama chao, wakati huo kikiitwa Aviation and Allied Workers Union, kilikwenda mahakamani. Desemba mwaka huo huo, Jaji Linnet Ndolo wa Mahakama ya Viwanda aliamua kwamba wafanyakazi 447 waliachishwa isivyo haki, na akaagiza warudishwe kazini. Kwa waliokuwa nyumbani na barua mkononi, hiyo ilikuwa Krismasi ya aina yake.

Furaha hiyo haikudumu. Kampuni ilikata rufaa, na Julai 2014 Mahakama ya Rufaa ikaifuta amri ya kuwarudisha kazini. Uamuzi huo unafaa kusomwa kwa makini, maana una pande mbili. Upande mmoja, mahakama ilikubali kwamba kampuni inayopata hasara ina haki ya kupunguza watu. Upande wa pili, Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba notisi ya mwezi mmoja si karatasi ya kutimiza desturi. Imewekwa ili pande mbili zikae, zizungumze, zitafute njia ya kuepusha upunguzaji au kuwapunguza watakaoumia. Katika kufikia hapo, mahakama ilitazama viwango vya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ingawa Kenya haijaidhinisha Mkataba nambari 158 wa 1982 unaohusu kuachishwa kazi. Ni hatua kubwa. Lakini waliotaka kurudi kazini walibaki na fidia ya pesa, na milango ya karakana ya kampuni pale Embakasi, Nairobi, ikabaki imefungwa.

Tena kuna kikwazo kingine ambacho wengi hawakijui mpaka kiwakute. Sheria inayounda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inairuhusu kumrudisha mtu kazini ndani ya miaka mitatu tu tangu aachishwe. Kesi ikipanda rufaa, miaka mitatu hupita kabla ya wino wa hukumu kukauka. Fidia nayo ina kikomo: mishahara ya miezi 12. Kwa hiyo anayetegemea mahakama peke yake kumrudisha kwenye kazi yake anategemea njia ambayo mara nyingi hukatika katikati.

Sasa turudi kwa leseni, kwa sababu hapo ndipo fundi wa ndege anapotofautiana na karani au mhudumu wa kaunta. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, kinachosimamiwa na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kinasema kwamba mwenye leseni ya matengenezo hawezi kutumia mamlaka ya leseni yake isipokuwa amefanya kazi hiyo kwa angalau miezi 6 katika miezi 24 iliyotangulia, au athibitishe upya kwamba anatimiza masharti ya kupewa leseni. Fanya hesabu. Fundi aliyepunguzwa leo akikaa nyumbani miezi 18, amefika ukingoni. Mwezi wa 19 karatasi yake ipo, jina lake lipo, lakini saini yake haina nguvu. Ujuzi wa miaka 20 unazimwa na muda wa kukaa bure ambao yeye hakuuchagua.

Hiyo ndiyo sababu wengi hawangoji. Wanapanda ndege kwenda Dubai, Doha na kwingineko, na huko wanapokewa kwa mikono miwili. Novemba 2017, mafundi wa Kenya Airways walipogoma kudai malipo bora, malalamiko yao yalikuja wakati ambapo wenzao wengi walikuwa wamekwisha kwenda Ghuba. Kampuni iliwafuta kazi zaidi ya mia moja kwa mkupuo. Mtu anaweza kubishana kuhusu uhalali wa mgomo ule, na mwandishi hapa hadai kwamba kila aliyegoma alikuwa na haki. Lakini nchi inayomsomesha fundi Embakasi kwa miaka, ikamlea mpaka akaaminiwa kutia saini, kisha ikamwachia aende bila hata kuandika nambari yake ya simu kwenye orodha ya watakaoitwa kwanza, inaitupa mali yake.

Suala la kuunganisha kampuni linafanya mambo kuwa magumu zaidi. Chukua steji ya matatu pale Mamboleo. Kila sako ina foleni yake. Gari lililotangulia ndilo linalotangulia kupakia, na hakuna ugomvi. Siku sako mbili zikiungana, swali la kwanza si rangi ya magari wala jina jipya. Swali ni foleni: wale wa sako ndogo wataingizwa kwa saa waliyofika, au watapangwa wote nyuma ya wale wa sako kubwa? Jibu la swali hilo linaamua nani atakula leo na nani atalala njaa.

Marekani walijifunza hilo kwa machungu. American Airlines ilipoinunua TWA mwaka 2001, wahudumu wa ndani ya ndege wa TWA, wakiwemo waliotumikia miaka mingi, waliwekwa mkiani mwa orodha ya kampuni kubwa. Mashambulizi ya Septemba 11 yalipoangusha biashara ya usafiri wa anga, upunguzaji ulianzia mkiani, na kufikia 2003 karibu wote walikuwa wametolewa. Kilio chao kilifika kwa maseneta wawili wa Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond, wa vyama viwili tofauti, na mwishoni mwa 2007 ikapitishwa sheria inayobeba majina yao. Sheria hiyo inasema kwamba mashirika ya ndege yakiungana, orodha za ukongwe kazini zitaunganishwa kwa njia ya haki na usawa. Wasipokubaliana mezani, suala linakwenda kwa msuluhishi ambaye uamuzi wake unawafunga wote. Inawalinda mafundi kama inavyowalinda marubani. Nacho chama chenye nguvu hakiwezi kuwatosa wageni baharini ili kuwaokoa watu wake.

Afrika Mashariki haina sheria ya namna hiyo, ingawa historia yake imejaa mashirika ya ndege yaliyounganishwa na kuvunjwa. Kisumu yenyewe ni shahidi. Katika miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways zilizotua majini zilishuka kwenye Ziwa Victoria zikiwa njiani kati ya Uingereza na kusini mwa Afrika, na mji huu ukawa kituo maarufu. Imperial yenyewe ilizaliwa 1924 kwa kuunganisha kampuni nne, ikaunganishwa tena na nyingine na kuwa BOAC mwaka 1940, na BOAC nayo ikaungana na BEA na kuwa British Airways mwaka 1974. Huku kwetu, East African Airways ilianza 1946 ikiwa mali ya pamoja, ikaanguka mapema 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo. Waliokuwa wameajiriwa na shirika moja la mataifa matatu wakajikuta kila mmoja na bendera yake. Makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, yaliyosimamiwa na msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi, yalitiwa saini Arusha 1984, na kila serikali ikabeba jukumu la kuwalipa raia wake pensheni. Miaka zaidi ya 20 baadaye, wazee wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wakiandamana Dar es Salaam kudai haki zao.

Na si mambo ya kale tu. Mwaka 2019 ulipoletwa mpango wa Kenya Airways kuchukua usimamizi wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kutoka kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, wafanyakazi waligoma Machi 6. Polisi walitumia vitoa machozi, abiria walikwama, na katibu mkuu wa chama chao, ambacho sasa kinaitwa KAWU, Moss Ndiema, alikamatwa. Magazeti mengi yaliandika kuhusu abiria waliokwama. Kiini cha hofu ya wagomaji kilipata nafasi ndogo: tukiwekwa chini ya mwajiri mmoja, miaka yetu itahesabiwa kuanzia lini? Julai mwaka huo Bunge likapendekeza Kenya Airways itaifishwe, na mswada wa 2020 ukataka kuziweka Kenya Airways na mamlaka hiyo chini ya kampuni moja mama. Mswada ulikwama. Novemba 2021 ikaja habari ya ushirikiano na South African Airways kwa nia ya kuunda kundi la ndege la Afrika nzima. Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja walirudi barabarani, safari hii kupinga mpango wa kukabidhi uwanja wa Jomo Kenyatta kwa kampuni ya Adani kutoka India, ambao Rais William Ruto aliufuta Novemba. Kila mara mpango huvunjika, na kila mara swali la foleni huachwa bila jibu, likingoja mpango unaofuata.

Msomaji wa Mamboleo anaweza kusema mambo ya ndege ni ya watu wa Nairobi. Na atazame mashariki. Barabara inayoanzia Mamboleo inapita Miwani, Chemelil hadi Muhoroni, na kando yake kuna viwanda ambavyo wazee wa ukanda huu walivifanyia kazi maisha yao yote. Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari nchini, kimekaa kimya kwa miaka mingi. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya umma kwa kampuni binafsi kwa miaka 30: Chemelil kwa Kibos, Muhoroni kwa West Valley, Nzoia kwa West Kenya, na Sony kwa Busia Sugar. Fundi wa boila wa Chemelil na fundi wa injini wa Embakasi hawajuani, lakini swali lao ni moja. Mwajiri mpya anakuja na orodha yake. Miaka ya mwajiri wa zamani inageuzwa kuwa hundi ya kiinua mgongo, pengine na hundi yenyewe inachelewa. Anayebahatika kuchukuliwa tena anaanza na tarehe mpya ya kuajiriwa. Upunguzaji mwingine ukija, yeye mwenye mvi anahesabiwa kuwa ameingia jana, na kile kipengele cha sheria kinachotaka muda wa utumishi uzingatiwe kinamgeuka na kuwa dhidi yake.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa sheria yetu ulipo. Kenya haina sheria ya kuhamisha ajira na miaka yake kutoka kwa mwajiri anayeuza kwenda kwa anayenunua. Mamlaka ya Ushindani, inapochunguza muungano wa kampuni, inatakiwa kisheria kuangalia athari zake kwa ajira, na imewahi kuweka masharti ya maana. Benki za NIC na CBA zilipoungana mwaka 2019 na kuwa NCBA, sharti lilikuwa wafanyakazi wasipunguzwe kwa miezi 12. Ni kinga nzuri kwa mwaka mmoja. Mwezi wa 13 hauna kinga, na aliyetolewa mwezi huo hana mahali pa kuandikishwa ili aitwe nafasi ikitokea.

Waajiri wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Fundi aliyezoea Boeing 737 hawezi tu kuhamia kwenye 787 Dreamliner, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea 2014, na akatia saini. Anahitaji kozi na idhini ya aina hiyo ya ndege. Je, kampuni ilazimishwe kumwita mkongwe asiyefaa kazi iliyopo? La hasha. Sheria yenyewe imekwisha kusema kwamba ulinganisho ufanywe ndani ya kundi moja la kazi. Orodha ya watakaoitwa ipangwe kwa leseni na aina ya ndege, na kila aitwaye awe anafaa kazi iliyotangazwa. Mgala muue na haki yake umpe: mwajiri asinyimwe fundi anayemhitaji, na fundi asinyimwe zamu yake.

Wengine wanasema kwamba kuwaita waliopunguzwa kunawafungia vijana mlango. Hoja hii inagusa moyo kando ya ziwa hili, ambako vijana wenye vyeti ni wengi na kazi ni chache. Hata hivyo kijana anayeingia karakana ya ndege anahitaji mtu wa kumfundisha kwa miaka kabla hajaaminiwa peke yake. Akiondolewa mkongwe, kijana hapati kazi nzuri zaidi. Anapata karakana isiyo na mwalimu. Haki ya kuitwa nayo si ya milele. Ufaransa humpa aliyeachishwa kwa sababu za kiuchumi kipaumbele cha kuajiriwa upya kwa mwaka mmoja, mradi aombe. Afrika Kusini humlazimu mwajiri aeleze, tangu mazungumzo ya mwanzo, kama upo uwezekano wa kuwaajiri tena atakaowatoa. Pendekezo nambari 166 la ILO, la 1982, linataka kipaumbele hicho kiwekwe. Hakuna kati ya haya lililofunga kampuni ya ndege.

Gharama yenyewe ni ndogo: daftari moja, barua moja na siku kadhaa za kungoja jibu. Hasara ya kutofanya hivyo ni kubwa zaidi, maana ndege iliyokosa mtu wa kuitilia saini hukaa chini, na ndege iliyokaa chini haiingizi shilingi. Katika nusu ya kwanza ya 2025, Kenya Airways iliripoti hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 12, huku Dreamliner zake tatu zikiwa haziruki. Sababu kubwa ilikuwa uhaba wa injini na vipuri duniani, na haitakuwa haki kuwatwika mafundi lawama hiyo. Lakini siku ndege hizo zinaporudi angani, mikono ya kuzihudumia lazima iwepo.

Baadhi ya vyama nchini vimekwisha kuingiza katika mikataba yao ya pamoja kifungu cha kumpa kipaumbele aliyepunguzwa. Hilo ni jema, lakini linamlinda tu aliye na chama imara, na hudhoofika mwajiri anapobadilika. Kwa hiyo Bunge liongeze kwenye Kifungu cha 40 maneno machache: aliyepunguzwa kazi aitwe kwanza nafasi ya kundi lake inapopatikana ndani ya miezi 24, kwa mpangilio wa miaka ya utumishi, na akirudi arudi na tarehe yake ya zamani. Miezi 24 haikuchaguliwa ovyo. Ni ile ile inayopima uhai wa leseni. Katika muda huo, mwajiri amruhusu fundi aliye kwenye orodha afanye kazi za muda za kulinda leseni yake. Na Mamlaka ya Ushindani isiidhinishe muungano wowote wa kampuni kabla ya kuonyeshwa orodha moja ya wafanyakazi wa pande zote mbili, iliyokubaliwa na vyama vyao au kuamuliwa na msuluhishi.

Katiba, katika Ibara ya 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Wabunge wa kaunti za ziwa, ambao wapiga kura wao wamo kwenye hanga za Embakasi na kwenye boila za Chemelil, wana kila sababu ya kupeleka mswada wa mabadiliko haya bungeni wao wenyewe. KAWU nayo isingoje Bunge. Kwenye mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja, kifungu cha kuitwa tena kiwe cha kwanza mezani, kabla ya nyongeza ya mishahara, na kiandikwe wazi kwamba kitamfunga pia mwajiri yeyote atakayeinunua kampuni.